Kunde, Wingu na Buibui

Pwata. Bakuli limepinduliwa juu ya sinia, mwiko umeligonga kitako, kisha kimya kidogo, kimya cha mtu anayevuta pumzi kabla ya kujibu, halafu jeli inaachia. Pwata. Mama mkubwa alikuwa akiisikiliza sauti hiyo macho ameyafumba. Ikija mapema, jeli haijashika. Ikichelewa, imeng'ang'ania bakuli na itatoka imechanika. Ikisema pwata, basi ni titi, tena titi zuri.

Alikuwa mpishi wa hospitali, dada wa mama yangu wa tumbo moja, na alipika matiti. Wanafunzi wa udaktari walihitaji kitu cha kujifunzia namna ya kushika kile kifaa cha mawimbi ya sauti, kinachopitishwa juu ya ngozi ili kuonyesha kilichomo ndani. Titi la plastiki walilokuwa nalo lilipasuka, na bei ya jingine ilimfanya mhasibu avue miwani. Siku hiyohiyo daktari wa picha alipita wodini, akaona jeli ya wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji, akaibonyeza kwa kidole. Ikatetemeka, ikarudi mahali pake. Akashuka jikoni kuuliza kama inaweza kuwa ngumu zaidi, na kama inaweza kufichwa kitu ndani yake.

Mama mkubwa alimjibu kwamba jeli haikatai kitu.

Basi akawa anachemsha unga wa jelatini mzito kuliko wa kula, anatia pumba laini ili kwenye picha ionekane na chembechembe kama nyama, anamwaga nusu ya bakuli, anaacha igande, anaweka uvimbe juu yake, kisha anamwaga nusu ya pili. Uvimbe aliutengeneza kwa jeli ngumu zaidi, na vifuko vya maji kwa vidole vya glavu. Wanafunzi wakampa jina la Mama Jeli, naye akalipokea kama mtu apokeavyo kanga aliyotupiwa: si zawadi hasa, lakini inafunika.

Tuliishi nyumba moja, wao wawili na mimi. Chumba cha mbele kilikuwa cha mama, na cherehani yake, na vitambaa vya wateja vimerundikwa hadi dirishani. Mama alikuwa mdogo, lakini ulimi wake ulizaliwa mapema. Alipenda kuwaambia wateja kwamba dada yake hakubahatika kunyonyesha, ndiyo maana Mungu amemrudishia kwa masinia. Mama mkubwa angejibu kutoka uani kwamba afadhali yeye matiti yake yana kazi, ya wengine yanakaa tu yakisikiliza cherehani. Wateja walicheka, bei ikapanda kidogo bila wao kugundua.

Kitu kimoja mama alikiogopa duniani, nacho ni sindano ya hospitali. Mwanamke aliyeshinda na sindano mdomoni na kwenye ukosi, akimwona nesi ameshika bomba anageuka kijivu. Nilipozaliwa mimi, mama mkubwa alilazimika kumkalia miguu. Ukimtania, alisema sindano yeye huitia kwenye kitambaa, na kitambaa hakina mshipa.

Halafu zikaja fedha za mbegu.

Mama mkubwa alituelezea jambo lile kama alivyoelezwa. Ni fedha ndogo zinazotolewa ili wazo lichipue. Sharti lake ni kwamba watu wa nyumba mbili walime shamba moja: daktari kutoka hospitali, mhandisi kutoka chuo, kila mmoja alete asichonacho mwenzake. Mwisho wa msimu wanakuja waamuzi kuangalia kama kuna kilichoota. Kikiota, zinafuata fedha kubwa. Kisipoota, kila mtu anabeba jembe lake na kurudi kwao.

Wazo lilikuwa zuri, hilo sitalinyima haki yake. Walitaka kifaa kidogo cha mkononi, kikubwa kama kitana cha nywele, ambacho nesi wa zahanati ya mbali angekipitisha kwenye titi, na kompyuta ikasoma picha badala ya daktari ambaye zahanati ile haitampata kamwe. Taa ya kijani, mama nenda nyumbani. Taa nyekundu, mama nenda hospitali kubwa. Hapakuwa na kidonda wala sindano. Lakini kompyuta haizaliwi inajua, lazima ionyeshwe uvimbe mwingi, na ruhusa ya kutumia picha za wagonjwa ilikuwa imekwama kwenye kamati. Daktari akasema, kwani jikoni kumefungwa?

Hivyo daktari alileta jina lake, mhandisi akaleta kompyuta, na ugonjwa ukaletwa na mama mkubwa.

Mhandisi alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyekula akiwa amesimama. Alimwita mama mkubwa "mama", naye akamwita "mwanangu" na kumfichia mikate. Daktari hakumpenda mhandisi, mhandisi hakumpenda daktari, na kila mmoja alimweleza mama mkubwa ubaya wa mwenzake, kwa kuwa mtu anayekoroga sufuria huonekana hana masikio. Daktari sisi nyumbani tulimwita Tutaona. Ukimwomba likizo, tutaona. Ukimuuliza mgonjwa atapona, tutaona. Alikuwa na utani wake pia. Alimwambia mama mkubwa kwamba siku atakapostaafu watamgandisha mzimamzima kwenye beseni, wanafunzi wajifunzie uzee. Mama mkubwa alitusimulia huku akimwigiza, tumbo mbele, kalamu sikioni, na mama alicheka hadi mguu ukatoka kwenye pedali.

Mwanzoni alitengeneza uvimbe wa kila namna, na kila namna aliipa jina. Kunde ni ule mdogo wa mviringo, mgumu, unaoteleza ukiguswa. Wingu ni ule laini usio na ukingo, hujui unapoanzia. Na buibui ni ule wenye miguu. Huo alifundishwa na daktari mwenyewe kwa picha ukutani: kitovu kidogo, na nyuzi zinazotambaa kwenda kila upande, zimeishika nyama na kuivuta. Kuutengeneza ilikuwa kazi ya subira. Alidondosha jeli ngumu kwenye jeli ambayo haijaganda sawasawa, kisha akaivuta miguu yake mmojammoja kwa kijiti cha meno. Mama alimwambia hiyo si jeli tena, hiyo ni tarizi.

Kompyuta ikazipenda kunde. Ikazikamata zote, hata zilizofichwa chini kabisa. Mawingu ikayakamata kwa kubahatisha. Buibui ikawapita. Bakuli baada ya bakuli, kitana kinateleza juu ya buibui na taa inawaka kijani, na mhandisi anakuna kichwa.

Siku ya waamuzi ilipangwa kuwa Ijumaa. Wiki ile mhandisi alishuka jikoni, hakuigusa mikate.

"Mama," alisema, "tupe kunde tu kwa sasa. Hao wengine tutawarudia tukipata fedha kubwa."

Mama mkubwa alimuuliza kama wagonjwa nao waambiwe waote kunde tu kwa sasa. Alikuwa anatania nusu. Daktari, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyejibu.

"Wagonjwa hawaji Ijumaa, Mama Jeli. Wanaokuja Ijumaa ni waamuzi."

Alitusimulia hilo pia, kwa sauti ya Tutaona, na sote tukacheka. Sentensi ilikuwa imekaa vizuri mdomoni. Kwa siku kadhaa mama aliitumia kwa wateja: mteja akilalamika kwamba pindo halijanyooka, anaambiwa bwana harusi haji leo.

Akawapa kunde. Masinia yalipangwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, na kifaa kikapita juu ya kila titi. Lenye kunde, nyekundu. Lisilo na kitu, kijani. Hakikukosea hata mara moja. Mwamuzi mmoja, mwanamke mwenye mvi, alibonyeza jeli kwa dole gumba, akauliza nani fundi wa hizi. Daktari alijibu kwamba hospitali yao ina jiko zuri sana, na chumba kizima kikacheka kwa adabu. Halafu wakapanga mstari wa picha. Mpiga picha alimwomba yule mama mwenye aproni asogee kidogo. Akasogea. Kidogo tena. Akasogea, hadi akajikuta nje ya mlango na sinia mkononi, na mlango, kwa kuwa ulikuwa wa kujifunga wenyewe, ukajifunga.

Hilo hakuliigiza. Alilisema mara moja tu, akila, kisha akaomba chumvi.

Lakini Tutaona alikuwa amempa neno. Mama mkubwa alikuwa kibarua pale jikoni kwa miaka ambayo nywele zake zilikuja nyeusi zikageuka, na kila mwaka alikuwa akingoja kuambiwa kama ataendelea. Fedha kubwa zikija, daktari alisema, kutakuwa na maabara, na kwenye maabara kutakuwa na nafasi ya fundi wa mifano, ajira ya kudumu, koti jeupe, malipo ya uzeeni. Mama mkubwa alimuuliza kama ni kweli. Akasema tutaona, lakini aliitamka taratibu, na sisi nyumbani tukaamua kwamba kwa mtu yule hicho ni kiapo.

Kilichobaki ni jambo moja. Waamuzi walitaka kifaa kijaribiwe kwa wanawake wenyewe.

Ni wakati huo mama alipoukuta uvimbe, bafuni, mkono una povu. Alimwita dada yake, si mimi. Mimi niliwasikia kupitia ukuta wa mbao, mama akisema pana kitu hapa, dada, na mama mkubwa akimwambia ainue mkono, na asicheke. Kisha mama mkubwa akasema kesho wanakwenda kwa daktari wa upasuaji, achukuliwe kipimo.

"Kwa sindano?"

"Kwa sindano."

"Basi siendi."

Walibishana hadi chakula kikapoa. Mama alisema kwa nini atobolewe kama gunia wakati kuna kitana kisichouma, tena kilichofunzwa na mikono ya dada yake. Amewatangazia wateja wote. Nusu ya mtaa imejiandikisha kwa sababu yake. Leo yeye aonekane akipita mlango mwingine? Mama mkubwa alisema kile kifaa kisiaminiwe sana. Mama akamuuliza kisiaminiwe kwa nini. Mama mkubwa akafungua mdomo, nilimwona, kwa kuwa sasa nilikuwa nimesimama mlangoni, na kilichotoka ni kwamba bado ni kipya.

"Hata wewe ulikuwa mpya," mama alisema, "na bado tulikuvumilia."

Asubuhi mama mkubwa alikwenda chuoni kwa mhandisi. Alimuuliza kama kompyuta sasa inawajua buibui. Kijana alitazama meza. Alisema mpango ulikuwa huo, lakini fedha za mbegu zimekwisha, na kubwa hazijaja, na haziwezi kuja kabla ya jaribio hili. Alisema watakaopata nyekundu watapelekwa kwenye mashine kubwa. Mama mkubwa akamuuliza, na watakaopata kijani? Akasema hao watapewa soda.

Alikwenda kwa daktari. Huko alisema wazi kwamba ni mdogo wake. Tutaona alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakulizoea, kisha akamwambia kwamba kila mwanamke atasomewa kuwa huu ni utafiti, si matibabu, na mtu mzima akikubali amekubali. Akainuka kumfungulia mlango. Pale mlangoni akamshika bega.

"Ukianza kusema mambo ya buibui huko nje, Mama Jeli, mradi unakufa. Na mradi ukifa, mimi nitabaki daktari. Wewe utabaki nini?"

Hayo yote nimeyajua baadaye. Siku ile alirudi nyumbani amenunua maembe, akayamenya yote, akampa mama vipande vinono, na hakusema kitu. Angeweza kusema. Mama angemtukana, angemwita mwoga na mwenye wivu, kisha asubuhi angevaa gauni lake la kijani na kwenda kukaliwa miguu. Ndivyo walivyokuwa. Sentensi moja ingetosha, na mama mkubwa alikuwa nayo mdomoni, na mezani palikuwa na maembe, na koti jeupe lilikuwa linamngoja mahali fulani likiwa bado halijashonwa.

Mama alikwenda kwenye jaribio kama mtu anayekwenda kupiga picha ya pasipoti. Alijipaka poda. Nilimsindikiza. Nesi alimsomea yale maneno ya utafiti si matibabu, naye akamwambia nesi kwamba kola yake imeshonwa vibaya, aje amrekebishie bure. Kitana kikapita. Kikarudi. Nesi alikisimamisha pale mama alipoonyesha kwa kidole, hapa, binti yangu, bonyeza hapa. Akabonyeza.

Kijani.

Mama alitoka na soda mkononi akicheza kidogo kwenye korido, bega moja tu, kama mtu anayesikia harusi ya jirani. Tulipita jikoni. Mama mkubwa alikuwa kwenye sinki la mabakuli, na mama akampigia kelele kupitia dirisha kwamba jeli yake imemsafisha. Mama mkubwa aliinua mkono wenye povu. Alitabasamu. Maji yaliendelea kutiririka juu ya bakuli ambalo lilikuwa safi tayari.

Fedha kubwa zilikuja kabla ya mvua. Walijenga maabara. Kuta ziliposimama, mama alianza kulalamika kwamba sidiria inambana upande mmoja. Walipopaka rangi, alikuwa amejishonea nyingine. Siku moja alisimama mbele ya kioo kirefu cha wateja, akaniita, akaninyooshea kwa ncha ya mkasi mahali ambapo ngozi ilikuwa imezama.

"Tazama," alisema. "Imevutwa. Kama kitambaa uzi wake ukikamatwa na msumari."

Sindano aliyoikimbia ilimpata, na baada yake nyingine nyingi. Majibu yalisomwa na Tutaona, maana picha zote za mwili mzima zilipita kwake. Alizitundika kwenye ubao wa mwanga: mbavu, ini, uti wa mgongo, kila mahali pana kidoa, kama kitambaa kilichorashiwa maji. Alizitazama kwa muda, kisha akamgeukia mama, si kwa ukali, kwa uchovu tu wa mtu anayeuliza jambo lilelile kila siku.

"Mbona mnachelewa hivi, mama?"

Mama akamwambia kwamba alikuja. Alikuja mapema, akaambiwa yuko safi. Daktari akauliza aliambiwa na nani. Mama akanyoosha kidole dirishani, upande wa jengo jipya. Daktari akatazama huko, kisha akatazama kalamu yake, na akasema lile lilikuwa utafiti.

Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani. Hakutajwa, na hakujitaja.

Nafasi alipewa. Kiapo cha Tutaona kilikuwa cha kweli. Koti lilipokuja lilikuwa refu mno mikononi, na mama, aliyekuwa sasa akishona kwa muda mfupi kisha anajilaza juu ya vitambaa, alisisitiza kwamba hakuna mtu mwingine atakayelipunguza. Alilipunguza kwa kutwa nzima, kwa mkono, kwa kuwa pedali ilikuwa imemshinda. Alimvisha dada yake, akamzungusha, akang'ata uzi wa mwisho begani.

"Sasa unafanana na watu," alisema.

Kisha akajilaza. Mchana ulikuwa mweupe, mtaa unapita dirishani na kelele zake. Akafungua vifungo vya blauzi, akautwaa mkono wa dada yake kutoka kwenye mkono wa koti jipya na kuuweka pale.

"Haya, fundi wa mifano," mama akamwambia. "Umewatengeneza wote, hebu nitajie. Huyu ni yupi? Kunde au wingu?"

Alikuwa anatania. Hata wakati ule alikuwa anatania, macho yake yanacheka kwenye uso ambao haukuwa umebaki na nyama ya kuchekea. Mama mkubwa hakuuondoa mkono. Vidole vyake vilitembea polepole, vikakipata kitovu, vikaufuata mguu mmoja, vikarudi, vikaufuata mwingine, hadi kwapani, kama alivyokuwa akiivuta kwa kijiti cha meno. Nilimwona akiihesabu. Midomo ilikuwa inacheza.

Mama akafumba macho, akingoja jibu kama mtu anayengoja mwisho wa fumbo.

"Huyu namjua, mdogo wangu," mama mkubwa alisema, kwa sauti ndogo hata cherehani, kama ingekuwa inakwenda, ingeimeza. "Nilikuwa namjua tangu siku ile ya maembe."